Leso Tisa za Mama na Mfarishi wa Nambari



Wiki hii tumekuja na kazi ya sindano ambayo hata asiyewahi kushona zaidi ya kifungo ataiweza kwa msaada wa Mwenyezi Mungu. Ni mfarishi wa viraka, vipande themanini na kimoja, uliopangwa kwa kanuni ya lile fumbo la nambari lichapishwalo magazetini, liitwalo sudoku. Lakini kabla ya kushika mkasi, turuhusuni tueleze jinsi fumbo hilo lilivyoingia nyumbani kwetu, kwani halikuingia kwa mchezo.

Mama yetu alipotangulia mbele ya haki, aliacha sanduku la njumu chini ya kitanda. Yalipopita mazishi, madeni yake yakalipwa na wasia wake ukatekelezwa, tulikaa sisi watoto wake wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja, tukalifungua. Harufu ya udi ilitoka kana kwamba mwenyewe ameingia chumbani. Ndani mlikuwa na pea tisa za leso zilizokunjwa vizuri, na juu yake kisutu, chekundu, cheusi na cheupe, kile alichojifunga siku ya harusi yake.

Kila mmoja wetu alikitaka kisutu. Dada mkubwa alisema yeye ndiye aliyemuuguza. Mdogo wetu akasema aliahidiwa tangu hajavunja ungo. Kaka akasema tusivutane, tufuate sheria: mwanamume mafungu mawili, kila mwanamke fungu moja, jumla mafungu matano. Tukahesabu leso moja moja, zikawa kumi na nane. Kumi na nane kwa mafungu matano haigawiki ila kwa kukata, na hata ingegawika, kisutu ni kimoja tu. Sanduku likafungwa. Wiki mbili zilipita simu hazipigwi, na salamu zilipitia kwa watoto. Watu waliolia pamoja juu ya jeneza moja walikuwa wanakwepana kwa ajili ya kitambaa cha pamba.

Aliyetutoa hapo ni binti wa kaka yetu, mtoto wa gredi ya saba. Alikuwa amejilaza mkekani na gazeti la juzi, penseli mdomoni, akijaza sudoku. Tukamuuliza mchezo huo unachezwaje, kwa kutaka tu kumsemesha. Akaeleza: nambari moja hadi tisa, kila moja itokee mara moja tu katika kila mstari wa kulala, mara moja tu katika kila mstari wa kusimama, na mara moja tu katika kila nyumba ya miraba tisa. Hakuna nambari inayopendelewa. Kisha akatazama sanduku, akasema: "Shangazi, leso za bibi si tisa pia? Kwa nini kisutu kisiwe nambari moja?"

Tulinyamaza. Kisha tukaomba penseli.

Fumbo lenyewe na asili yake

Wengi hudhani sudoku ni mchezo wa kale wa Wajapani. Jina ni la Kijapani, na maana yake yaelekea kusema kuwa kila nambari ibaki pweke. Lakini fumbo kwa sura tuijuayo lilichapishwa kwanza Marekani mwaka 1979, na anayetajwa kuwa mtungaji wake ni msanifu majengo wa jimbo la Indiana, Howard Garns. Kampuni ya Kijapani ya Nikoli ikalichukua mwaka 1984 na kulipa jina lililoenea. Baadaye mstaafu mmoja aliyekuwa jaji Hong Kong, Wayne Gould, akatengeneza programu ya kuyatunga mafumbo haya kwa kompyuta, na mwezi wa Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapisha. Tangu hapo yameenea magazetini kote duniani.

Hapa tuweke jambo moja wazi, kwani jirani mmoja mwema alipoona karatasi yetu yenye miraba na nambari alituuliza kwa upole kama tunaandika hirizi. Mwambao wetu unazijua jaduali za nambari ambazo watu wameziandika kwa nia ya kinga na mvuto, na kila mwenye kuihifadhi itikadi yake huzikwepa. Sudoku si hiyo. Nambari hapa hazina siri wala nguvu. Ni alama tu za kupangia, na mngeweza kutumia herufi, au picha za matunda, na fumbo lingebaki lile lile. Sisi tumetumia leso.

Na viraka si jambo geni kwa leso. Leso yenyewe ilizaliwa kwa kuunganishwa. Wazee wametusimulia, na waandishi wa historia ya vazi hili wanasema hivyo hivyo, kwamba katika karne ya kumi na tisa wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mraba vya mkononi, ambavyo Wareno waliviita kwa neno lililotupa sisi "leso", vikiwa bado vimeshikana kwenye gora. Walikata vitatu vitatu, wakashona safu mbili pamoja, wakapata vazi moja la miraba sita. Kwa hiyo anayekata leso miraba akaiunga upya hafanyi uharibifu. Anarejea kwenye asili yake.

Kabla ya mkasi: haki za warithi

Hili twaliandika kwa herufi nzito moyoni mwetu. Nguo za marehemu si za aliyewahi kufungua kabati. Ni sehemu ya mali aliyoiacha, na baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, ni haki ya warithi wote, hata kama thamani yake ni ndogo. Basi yeyote anayetaka kushona mfarishi wa ukumbusho apate kwanza ridhaa ya kila mrithi aliye baleghe na mwenye akili timamu, ridhaa ya kweli, si ya kuonewa haya barazani. Ikiwa miongoni mwa warithi yuko mtoto mdogo, wakubwa hawawezi kumsamehesha haki yake. Fungu lake litengwe, na jambo likiwa na utata aulizwe kadhi au imamu wa mtaa kabla ya kukata chochote.

Kwetu sisi, kaka alisema mbele yetu sote kwamba amesamehe ziada ya fungu lake, na kwamba awe na mfarishi mmoja kama sisi. Mdogo wetu akakubali. Dada mkubwa alikataa. "Mkasi haujui toba," alisema. "Mkishakata, mama harudi na leso hairudi." Hatukumjibu, kwani alisema kweli. Tulimwachia siku zake. Siku ya nne alikuja mwenyewe, na sharti mbili: kila pea ikatwe leso moja tu, na kisutu cha pili kisiguswe, kihifadhiwe na kutolewa kila anapoolewa binti wa ukoo. Leso nane nyingine zilizobaki nzima tuzitoe sadaka kwa akina mama wasiojiweza, thawabu zimfikie aliyezivaa. Sote tukaridhia, na siku hiyo ndiyo tuliyokunywa kahawa pamoja kwa mara ya kwanza tangu lile sanduku lifungwe.

Hesabu nayo ilikubali. Leso moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu sentimita 110. Ukikata miraba ya sentimita 16 utapata miraba tisa kwa urefu na sita kwa upana, yaani hamsini na minne. Mfarishi mmoja unahitaji miraba tisa tu kutoka kila leso. Kwa mifarishi minne twahitaji thelathini na sita, na inayobaki yafidia palipochakaa na palipo na maandishi.

Ndiyo, maandishi. Someni jina la leso kabla ya kukata. Likiwa na jina la Mwenyezi Mungu au dua, msilitie katika kitu kitakacholaliwa, kukaliwa au kukanyagwa. Ukanda huo sisi tuliukata mzima, tukaukunja na kuuweka mahali pa heshima. Na majina mengine pia, msiyakate katikati bila kuangalia. Neno jema likikatwa vibaya huweza kubaki tusi.

Vifaa

Si lazima mrithi sanduku. Vitambaa tisa vinavyotofautiana vyatosha, viwe vya leso, vya madira ya zamani, vya kanzu za watoto zilizowabana, au mabaki ya kwa fundi. Ila viwe vyote vya pamba na vyenye uzito unaokaribiana. Kitambaa cha kuteleza kikiungwa na cha pamba huvuta na kufanya makunyanzi. Kwa mfarishi mmoja wa karibu sentimita 150 kila upande tayarisheni:

- Miraba tisa kutoka kila kitambaa kati ya vitambaa tisa.
- Mita 1.6 za kitambaa cha rangi moja, chenye upana usiopungua sentimita 90, kwa ajili ya mistari ya kutenganisha nyumba na ukingo wa nje. Rangi nzito, kama nyeusi au buluu iliyokoza, huzitenga nyumba vizuri.
- Shuka la pamba la kukatwa sentimita 160 kwa 160, liwe mgongo.
- Shuka kuukuu au blangeti jepesi la kuwekwa katikati. Kwa joto letu la Mombasa, Malindi na Lamu, shuka latosha. Mwenye jamaa Nairobi au Limuru atie blangeti.
- Uzi wa pamba, sindano, pini, mkasi wenye makali, chaki ya fundi, pasi, na kadibodi ya kukatia kigezo.

Cherehani ni msaada, si sharti. Mfarishi wa mdogo wetu ulishonwa wote kwa mkono.

Kutayarisha na kukata

Fueni vitambaa vyote kwanza, vipya na vya zamani. Leso mpya, hasa nyekundu, hutoa rangi. Iloweni peke yake na mrudie mpaka maji yatoke meupe, la sivyo kufua kwa kwanza kutaupaka mfarishi wote. Leso iliyovaliwa sana huwa laini mno na hukimbia chini ya mkasi. Itieni kanji kidogo, ianikeni, kisha ipigeni pasi. Itatulia kama karatasi.

Kateni kigezo cha kadibodi cha sentimita 16 kwa 16, na hakikisheni pembe zimenyooka kwa kuzilinganisha na pembe ya kitabu. Wekeni kigezo juu ya kitambaa, pigeni chaki pembeni, kateni. Msikunje kitambaa mara nne ili mkate kwa haraka. Tabaka la chini huteleza, na mraba uliopungua nusu sentimita utawasumbua hadi mwisho wa kazi.

Kila kitambaa kipeni nambari yake, moja hadi tisa. Andikeni nambari kwenye kijikaratasi, kibandikeni kwa pini juu ya kila mraba, na msikitoe mpaka mraba umeshashonwa. Kisutu chetu kilikuwa nambari moja, na ya tisa ilikuwa leso ya kijani aliyopenda kujifunga jikoni, imebabuka kidogo kwa cheche za makaa. Tulitafuta sehemu nzima, lakini mraba mmoja wenye alama ya moto tuliuacha kwa makusudi.

Mpangilio

Mwaweza kuchukua jibu la fumbo lolote la gazetini. Kwa anayeanza, twapendekeza mpango huu, ambao ni rahisi kuukagua:

1 2 3 4 5 6 7 8 9
4 5 6 7 8 9 1 2 3
7 8 9 1 2 3 4 5 6
2 3 4 5 6 7 8 9 1
5 6 7 8 9 1 2 3 4
8 9 1 2 3 4 5 6 7
3 4 5 6 7 8 9 1 2
6 7 8 9 1 2 3 4 5
9 1 2 3 4 5 6 7 8

Angalieni siri yake. Mstari wa pili ni wa kwanza uliosogezwa hatua tatu. Wa tatu umesogezwa tatu tena. Mstari wa nne waanza upya kwa kusogeza hatua moja kutoka wa kwanza, kisha tatu, kisha tatu. Hivyo hivyo wa saba. Mkipotea, hesabuni tu kutoka nambari ya kwanza ya mstari. Mkifika tisa, rudini moja.

Mkitaka rangi zichanganyike zaidi, badilishaneni mistari ya kulala iliyo ndani ya kundi moja la mitatu: wa kwanza na wa tatu, kwa mfano, au wa nne na wa tano. Mwaweza pia kubadilishana mistari ya kusimama iliyo ndani ya kundi moja la mitatu. Kanuni haitavunjika. Lakini msichukue mstari wa kundi moja mkaupeleka kundi jingine, kwani nyumba zitaharibika. Kwa njia hii mifarishi yetu minne ina vitambaa vile vile na hesabu ile ile, na hakuna miwili inayofanana.

Tandazeni miraba yote themanini na mmoja kitandani au sakafuni kabla ya kushona hata mmoja. Simameni mbali, tazameni. Kisha ipigeni picha kwa simu. Upepo wa dirishani na mtoto wa miaka miwili ni wageni wasiopiga hodi.

Kushona

Mshono wote uache sentimita 1 kutoka ukingoni, bila kuzidi wala kupungua. Mraba wa sentimita 16 hivyo hubaki 14. Kwenye cherehani bandikeni kipande cha utepe sentimita 1 kutoka sindano, kiwe mpaka wenu. Kwa mkono, pigeni mstari wa chaki, mshone bandi fupi fupi, na kila baada ya bandi nne au tano mrudi nyuma mara moja ili mshono usifumuke.

Shoneni nyumba moja moja. Unganisheni miraba mitatu ya mstari wa juu, kisha mitatu ya kati, kisha mitatu ya chini. Pigeni pasi: mishono ya mstari wa juu ilale kulia, ya kati ilale kushoto, ya chini ilale kulia. Mkija kuunganisha mistari, mishono itakutana uso kwa uso na kushikana, na pembe zitalingana zenyewe. Tieni pini kwenye kila makutano. Nyumba iliyokamilika itakuwa na sentimita 44 kila upande.

Kutoka kile kitambaa cha rangi moja, kateni kwa urefu:

- Vipande viwili vya sentimita 152 kwa 10, na viwili vya 136 kwa 10, kwa ukingo wa nje.
- Vipande viwili vya sentimita 136 kwa 6, na sita vya 44 kwa 6, kwa kutenganisha nyumba.

Chukueni nyumba tatu za juu, mziunge kwa vipande viwili vya 44. Fanyeni hivyo kwa tatu za kati na tatu za chini. Safu hizo tatu ziungeni kwa vipande viwili virefu vya 136 kwa 6. Sasa mna mraba mkubwa wa sentimita 136. Tieni ukingo wa kulia na kushoto kwa vipande vya 136 kwa 10, kisha wa juu na wa chini kwa vile vya 152. Uso wa mfarishi umekamilika.

Hapa ndipo tulipoteleza. Mfarishi wa tatu, tulikuwa tumeshaunga safu mbili, taa imepungua, mazungumzo yamenoga, na kila mtu amechoka. Dada mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni akitazama tu, akasema: "Kisutu kimo mara mbili katika mstari wa tano." Tukakana. Akanyosha kidole. Kweli, mraba mmoja uligeuzwa na mwenzake ndani ya nyumba. Tulitaka kuuacha, kwani nani atahesabu? Akasema, "Mimi nitahesabu." Akachukua sindano, akafumua mshono mmoja baada ya mwingine, usiku ule ule, bila kuuchana uzi wa kitambaa hata mmoja. Yeye aliyekataa kukata ndiye jicho lililotuhifadhia hesabu. Tangu hapo hatukushona nyumba kabla hajaikagua.

Basi mjifunze kwetu: kabla ya kuunga nyumba na nyumba, someni nambari kwa sauti, mmoja akisoma na mwengine akifuata kwa karatasi. Kufumua mishono minane kabla ya magharibi ni kazi ndogo. Baada ya kutia ukingo ni msiba.

Kumalizia

Tandazeni shuka la mgongo, upande mbaya ukiangalia juu, mlivute vizuri. Juu yake wekeni shuka la katikati, lililokatwa sawa na uso, yaani sentimita 152 kila upande. Kisha uso wenyewe, upande mzuri juu. Pigeni bandi kubwa kubwa kutoka kati kwenda pembeni, tabaka zisitembee.

Fundi huushona mfarishi mzima kwa mistari. Anayeanza afunge mafundo. Katika kila nyumba kuna makutano manne ya miraba. Chomeni sindano yenye uzi maradufu kutoka juu hadi chini, irudini juu nusu sentimita pembeni, mfunge fundo mara mbili, mkate mkibakisha kidogo. Makutano manne kwa nyumba tisa ni mafundo thelathini na sita, na mfarishi hautahama tena. Ukiwa wa mtoto mchanga, fungeni mafundo upande wa nyuma na mkate fupi kabisa, asije akanyonya nyuzi.

Mwisho ni pindo. Shuka la mgongo limezidi sentimita 4 kila upande. Likunjeni sentimita 2 mpaka lifike ukingo wa uso, kisha likunjeni tena lije juu ya uso, mlitie pini, mlishone kote. Ondoeni bandi. Fueni kwa maji baridi, mwanike kivulini.

Kwa anayehofia themanini na moja

Anzeni na foronya ya mto. Vitambaa vinne tu, miraba kumi na sita, nyumba nne za miraba minne:

1 2 3 4
3 4 1 2
2 1 4 3
4 3 2 1

Ni kazi ya alasiri mbili, na ni zawadi njema kwa binti wa miaka kumi kujifunzia. Mwambieni aupange mwenyewe bila kuangalia jibu. Yule mtoto wa kaka yetu, ambaye hesabu shuleni zilikuwa zikimliza, alitupangia mifarishi miwili kati ya minne. Hatusemi amekuwa mwanahisabati. Twasema tu kwamba sasa akikosea hafuti kwa hasira. Hutafuta mstari uliovunjika.

Neno la mwisho kuhusu matumizi. Mfarishi huu ni wa kujifunika na kutandika kitandani. Kwa swala tumieni msala wenu wa kawaida; rangi nyingi huvuta macho, na leso nyengine zina picha za wanyama. Wala msiufiche kabatini kwa kuuonea huruma. Mama hakununua leso zake zikae sandukuni.

Mifarishi yetu minne imo katika nyumba nne sasa. Hakuna aliyekipata kisutu, na hakuna aliyekikosa. Wiki iliyopita dada mkubwa alipiga simu saa tatu usiku. Tulishtuka, kwani simu za usiku huwa na khabari nzito. Kumbe alikuwa akiuliza ule mraba wenye alama ya moto uko kwenye mfarishi wa nani. Tukatazama. Uko kwake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Alhamdulillah, basi nilalie," akakata simu.

Watakaoshona watuletee khabari, na penye kukwama watuulize. Majibu tutayatoa katika safu hii. Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, awape umri na afya waliobaki, na aziunge nyoyo zetu kabla ya vitambaa.

Wabillahi tawfiq.